Kamera ya Super 8 ya mjomba: anzia maabara, si dukani

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Tanga, napiga picha za harusi kwa kamera ya kidijitali. Mjomba wangu aliyekaa Ujerumani miaka mingi amerudi, akaniachia kamera ya sinema ya Super 8 iliyoandikwa Bauer C 107 XL, pamoja na katriji moja ya Kodachrome 40 ambayo bado imo kwenye pakiti yake. Mdogo wangu anaolewa Desemba na natamani kuipiga harusi yake kwa filamu. Sijawahi kugusa filamu ya sinema. Nianzie wapi, ninunue nini, na je, huku kwetu inasafishwa?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa zawadi. Mjomba amekupa kitu kizuri.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Wengi wanaojiingiza kwenye filamu hununua kamera kwanza, halafu filamu, halafu wakishapiga ndipo wanauliza pa kusafishia. Matokeo yake katriji zinalala kwenye droo mpaka picha zinafifia humo humo. Wewe nenda kinyume. Maabara ndiyo itakayokuambia ununue filamu gani, filamu ndiyo itakayokuambia upige saa ngapi na wapi. Kamera inakuja mwisho.

Usiitegemee studio ya mtaani, hata ile ambayo bado ina mashine ya kusafisha picha za mnato. Mashine ile inatumia dawa za C-41, za filamu ya kawaida ya picha za rangi. Negativu ya rangi ya sinema, yaani filamu ambayo rangi zake hutoka kinyume, inataka dawa nyingine, ECN-2, na kwa miaka mingi mikanda hiyo imetengenezwa na tabaka jeusi la kaboni mgongoni ambalo lazima litolewe kwa hatua yake maalumu. Ukiitumbukiza kwenye mashine ya C-41, kaboni ile inabanduka, inachafua dawa yote na kuharibu kazi za wateja wengine. Na hata bila kaboni, mkanda wa upana wa milimita 8 na urefu wa mita 15 hauna pa kupita kwenye mashine iliyotengenezwa kwa milimita 35.

Kwa hiyo filamu yako itasafiri. Maabara zinazoifanya kazi hii kila siku zipo Ulaya na Marekani: Andec iko Berlin, Cinelab iko Slough karibu na London, Pro8mm iko Burbank, California. Waandikie kabla hujanunua chochote. Waulize wanasafisha filamu zipi za Super 8 kwa sasa, bei ya kusafisha na kuskani katriji moja ni kiasi gani, wanapokeaje mzigo kutoka nje, na wanarudishaje faili. Mjomba wako kakaa Ujerumani, basi bila shaka kaacha huko rafiki au jirani anayeweza kupokea bahasha na kuifikisha. Hilo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani, maana mzigo wa ndani ya Ujerumani hauna mambo ya forodha.

Kuhusu pesa nitakwambia wazi ili usije ukashtuka. Bei zinabadilika, lakini ukijumlisha katriji yenyewe, kusafisha, kuskani na usafiri, tenga dola 100 hadi 150 kwa kila katriji. Na katriji moja ni dakika tatu na ushee. Kama hesabu hiyo inakuumiza kichwa, si aibu kuishia katriji moja tu ukaipiga vizuri.

Dakika hizo zinatokea hivi. Kodak ilitoa Super 8 mwaka 1965. Kabla ya hapo, tangu 1932, watu wa nyumbani walikuwa na milimita 8 ya kawaida: unafunga mkanda wa upana wa milimita 16 gizani au kivulini, unaupiga upande mmoja, unaugeuza, unapiga upande wa pili, halafu maabara inauchana katikati. Ulikuwa mtihani kwa baba wa familia aliyetaka kupiga watoto wakiogelea. Super 8 iliufunga mkanda ndani ya boksi la plastiki. Unalichomeka kama kaseti, basi. Ndani mna futi 50, kila futi ina fremu 72, jumla fremu 3,600. Ukipiga fremu 18 kwa sekunde unapata dakika 3 na sekunde 20. Ukipiga 24, dakika 2 na nusu. Kwa mambo ya nyumbani piga 18. Ndiyo mwendo wa sinema za familia tangu zamani, unaokoa pesa, na kila fremu inapata mwanga zaidi kidogo.

Sasa ile Kodachrome. Usiipige. Kodachrome ilikuwa na dawa zake peke yake, K-14, ngumu kuliko zote, na maabara ya mwisho duniani kuifanya, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons huko Kansas, iliacha kupokea mikanda mwishoni mwa Desemba 2010. Rangi zake leo hazitolewi na mtu. Wapo wanaoweza kuisafisha ikatoka nyeusi na nyeupe, na njia hiyo inafaa kwa katriji iliyopigwa zamani ambayo ndani yake huenda mna sura ya marehemu bibi. Kwa katriji ambayo haijapigwa ni kupoteza dola. Iweke pamoja na kamera, pakiti ile ni nzuri kuitazama. Ila fungua mlango wa kamera uone kama mjomba hakusahau katriji nyingine ndani. Ukiikuta, usihamaki: mwanga utaunguza fremu chache tu zilizo wazi mbele ya kidirisha, mkanda mwingine uko salama ndani ya plastiki. Itoe, ifunge kwenye karatasi ya bati, umuulize mjomba alipiga nini na mwaka gani.

Mlango ukiwa wazi, ndipo ukaguzi unapoanza. Anza na betri. Kamera nyingi za Super 8 zinakula betri za AA, zile za rimoti. Toa kifuniko uchungulie mle ndani kwa tochi ya simu. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vibati, betri za zamani zilivuja. Chukua kijiti cha pamba, kichovye kwenye siki kidogo, sugua taratibu mpaka chuma king'ae, kisha pitisha kijiti kingine chenye spiriti na uache pakauke. Weka betri mpya za alkalini, zote za aina moja. Baadhi ya kamera zina kibetri kingine kidogo mviringo kwa ajili ya kipima mwanga, na hivyo vya asili vilikuwa vya zebaki, vimepigwa marufuku. Mbadala wake ni betri za vifaa vya kusaidia kusikia, zile za zinki zinazovuta hewa, ambazo volti zake ziko karibu na za zebaki. Kama ya kwako inavyo au haina, kitabu chake kitakwambia. Vitabu vya kamera hizi vimeskaniwa na vinapatikana bure mtandaoni, tafuta kwa jina na namba ya modeli.

Kisha bonyeza kitufe cha kupigia bila filamu. Mlio unapaswa kuwa sawasawa, bila kupanda na kushuka. Elekeza lenzi kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, tazama kwa nyuma kwenye kile kidirisha kidogo kinachoshika filamu: utaona mwanga unametameta. Sasa geuza kamera kutoka dirishani kuelekea chini ya kitanda, bado ukitazama. Tundu la mwanga linapaswa kufunguka. Rudisha dirishani, lijibane. Likikaa palepale, kipima mwanga kimekufa, na hapo ama uendeshe mwanga kwa mkono kama kamera inaruhusu, ama utafute nyingine. Mwisho, lenzi. Sisi wa pwani tuna adui wetu: ukungu unaoota ndani ya kioo kama nyuzi za buibui. Kamera iliyokaa Ujerumani kwenye baridi kavu huenda imesalimika, lakini sasa iko Tanga. Ihifadhi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, si kwenye mkoba wa ngozi kabatini.

Kuna jambo moja dogo ambalo wanaoanza hulipita, na ndilo linalotoa picha zenye ukungu kuliko mengine yote. Kwenye jicho la kutazamia pana gurudumu au pete ya kurekebisha kulingana na macho yako. Elekeza kamera angani, geuza pete hiyo mpaka alama za katikati ya kioo zionekane kali kabisa, ndipo uanze kufokasi kitu chochote. Usipofanya hivyo utadhani umefokasi, kumbe umefokasi macho yako. Halafu kila shoti fanya hivi: vuta zumu mpaka mwisho, fokasi kwenye macho ya mtu, rudisha zumu kwenye upana unaoutaka, piga.

Filamu gani? Kodak ndiyo inayoshika soko hili kwa sasa, na chaguo zako ziko tano. Tatu ni negativu za rangi: Vision3 50D kwa jua, 200T kwa matumizi mchanganyiko, 500T kwa ndani na usiku. Moja ni slaidi ya rangi, ambayo hutoka na rangi zake halisi, Ektachrome 100D. Ya tano ni Tri-X, nyeusi na nyeupe. Slaidi na Tri-X zikisafishwa unaweza kuzirusha ukutani kwa projekta siku hiyohiyo. Negativu huwezi, lazima iskaniwe.

Ushauri wangu kwako ni negativu, na sababu si bei. Slaidi haikusamehi: ukikosea mwanga kidogo tu, shavu la mtu limeungua au limekuwa shimo jeusi, na hakuna wa kulirudisha. Negativu ukiizidishia mwanga maradufu au hata mara tatu, mtu wa skani bado anakutolea picha nzuri. Kamera kuukuu zenye kipima mwanga cha kubahatisha zinahitaji filamu ya namna hiyo. Fundi mzuri mwenye kamera anayoijua ndiye ampigie Ektachrome mchumba wake.

Hapa pana fumbo moja la Super 8 lazima ulielewe. Filamu hizi zilibuniwa zikiwa za mwanga wa taa, na kamera ikawekewa kichujio cha rangi ya chungwa ndani yake ili uweze kupigia juani. Ndiyo maana pembeni utakuta swichi yenye alama ya jua na alama ya taa. Kwa 200T na 500T, ukiwa nje weka jua, ukiwa ndani weka taa. Kwa 50D, ambayo tayari ni ya mchana, kichujio hakitakiwi, kwa hiyo iweke kwenye taa hata kama uko ufukweni saa nane mchana. Inaonekana kinyume, lakini ndivyo. Kamera nyingine zinajua zenyewe kwa kuhisi kata kwenye katriji. Na kichujio chenyewe kina miaka hamsini: kama ukikitazama kimeingia madoa, achana nacho, piga 200T bila kichujio uwaombe wenye skani warekebishe rangi. Wanaweza.

Jingine, kamera nyingi za nyumbani zilijua kasi mbili tu za filamu (yaani ISO), 40 na 160. Ukiweka 200T, kamera inaisoma kama 160, ambayo ni karibu sawa. Ukiweka 50D inaisoma kama 40, au kwenye baadhi ya kamera 25, yaani inazidisha mwanga kidogo. Ukiweka 500T inaisoma kama 160, inazidisha zaidi, lakini negativu inavumilia. Hivyo usikose usingizi kwa hili. Herufi XL za kwenye Bauer yako maana yake ilitengenezwa kwa mwanga hafifu: lenzi yake inafunguka sana na shata yake inaacha mwanga upite kwa muda mrefu. Kwa sebule yenye taa ni neema. Kwa jua la Tanga la saa sita na filamu ya 500T ni balaa, maana lenzi itajibana mpaka mwisho na mwanga bado utazidi.

Na jua letu lenyewe nalo lina maneno yake. Kipima mwanga cha kamera hakijui unachokipenda, kinachukua wastani wa vyote vilivyo mbele yake. Msimamishe babu mwenye kanzu nyeupe mbele ya bahari: kamera inaona kanzu, inaona maji, inaona mbingu, inasema mwanga ni mwingi mno, inajibana. Babu anatoka kivuli tupu, kanzu inang'aa.  Dawa ni kumsogelea, au kuvuta zumu mpaka uso ujaze fremu, kusoma mwanga hapo, kuufunga kama kamera ina kitufe cha kufunga, kisha kurudi nyuma na kupiga. Kama haina, baadhi zina kitufe cha mwanga wa nyuma kinachofungua lenzi hatua moja zaidi, kitumie. Kama nacho hakuna, mgeuze babu. Barazani, jua likiwa limegonga ukuta wa mbele na kumrudia usoni, unapata ngozi yenye uhai kuliko taa yoyote ya studio. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Katikati ya hapo ingia kivulini.

Ukishapata jibu la maabara na katriji yako ya kwanza, usiiweke kwa ajili ya harusi. Katriji ya kwanza ni ya kuijaribu kamera, na inapaswa iende na irudi kabla hujalipia ya pili. Lakini hiyo si sababu ya kupiga kuta na mabango. Piga nyumbani, siku ya kawaida. Hebu tuchukue mama akichoma vitumbua Jumapili asubuhi. Kabla ya kuchomeka katriji, weka alama ya kalamu kwenye kile kipande cha mkanda kinachoonekana. Ichomeke, funga mlango, piga sekunde mbili, halafu itoe kivulini. Alama imeondoka? Filamu inatembea. Umepoteza fremu chache na umepata amani ya moyo. Lakini kumbuka kaunta: kamera nyingi hurudi sifuri ukiitoa katriji, kwa hiyo ukiibadilisha njiani andika juu yake futi ulizokwisha kupiga.

Una sekunde 200. Shoti ya sekunde sita inatosha kuonekana na haichoshi, kwa hiyo una shoti kama thelathini. Hesabu kimoyomoyo ukibonyeza: mia moja na moja, mia moja na mbili, hadi sita, uachie. Sufuria ya unga ulioumuka, hiyo moja. Mkono unaoteka na upawa. Kikaango chenye vishimo, mafuta yanachemka pembeni. Uso wa mama akiegemea moshi, na hapo subiri: usibonyeze mpaka ajisahau. Mtu akijua anapigwa anaganda kama wa picha ya kitambulisho, ila akiachwa dakika mbili anarudi kazini kwake. Mtoto anayeiba cha kwanza. Chai. Viatu mlangoni. Ukishapiga upana mmoja, badilisha upana, sogea kwa miguu. Zumu usiiguse wakati unapiga. Kuvuta na kurudisha ndiko kulikoharibu sinema nyingi za familia za zama hizo. Egemea nguzo, bana viwiko mbavuni, shusha pumzi, ndipo ubonyeze. Katika zile shoti za mwisho jaribu makusudi: moja ndani kwenye giza kidogo, moja inayoelekea jua, moja ya karibu kabisa. Majibu yake yatakufundisha kamera yako kuliko mimi. Mkanda ukiisha, kaunta itasimama na ukitoa katriji utaona neno EXPOSED limepigwa chapa juu ya filamu.

Sauti haimo. Filamu ya Super 8 yenye ukanda wa sauti ilikuwepo tangu 1973 na Kodak iliiacha 1997. Usijaribu kulinganisha midomo na simu, maana injini ya kamera ya nyumbani haiendi sawasawa kiasi hicho. Badala yake acha simu ichukue sauti za mahali: mafuta yakichemka, kicheko, adhana ya mbali, redio ya jirani. Ziweke chini ya picha baadaye bila kulazimisha zilingane.

Sasa uhifadhi. Joto ndilo linalokula filamu ambayo haijasafishwa, na gari lililoegeshwa juani ni tanuri. Katriji mpya ziweke kwenye friji zikiwa ndani ya vifuko vyake vilivyofungwa, na ukizitoa ziache mezani saa kadhaa kabla ya kuchana kifuko, la sivyo unyevu wa hewa yetu utaganda juu ya mkanda baridi. Zikishapigwa usizirundike miezi. Na wakati wa kusafirisha, hofu ni mashine za eksirei. Mzigo unaokwenda chini ya ndege unapigwa mionzi mikali, usiweke filamu humo kamwe. Kwenye mkoba wa mkononi, mashine mpya za CT zinazozunguka mzigo zinaharibu filamu ya kasi yoyote, kwa hiyo anayesafiri aziweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonekana ndani na aombe kwa upole zikaguliwe kwa mkono, akieleza kwamba ni filamu ya sinema ambayo haijasafishwa. Apewe barua fupi ya maabara, inasaidia. Ukituma kwa kampuni ya vifurushi, andika hivyo hivyo kwa Kiingereza nje ya boksi, na ujue kwamba 50D inahimili mionzi kuliko 500T.

Maabara itakuuliza skani ya namna gani. Kwa fremu yenye upana wa chini ya milimita 6, skani ya 2K inatosha; 4K unalipia kuona chembechembe za filamu tu. Waambie umepiga fremu 18 kwa sekunde, wasikurudishie watu wanaokimbia kama kuku. Kwa kuwa wewe umezoea kurekebisha rangi kwenye kompyuta, omba faili isiyokolezwa, ujikoleze mwenyewe. Na dai mkanda wako urudi. Faili zinapotea simu ikiibiwa, ila mkanda ukikaa pakavu penye ubaridi utaskaniwa tena na wajukuu.

Mkanda ukirudi, andika juu ya kopo lake: nani, wapi, tarehe, mwaka. Kwenye hifadhi ya nyaraka ya jiji la Bristol, Uingereza, kuna sinema nyingi za nyumbani zilizopigwa na Waingereza walioishi Kenya, Uganda na Tanganyika. Bustani, mbwa, watoto wao, chai. Mara nyingi nyuma anapita mpishi au yaya, anatazama kamera sekunde mbili, na jina lake halijaandikwa popote. Sisi tunaopiga wenyewe hatuna kisingizio. Andika mpaka jina la aliyebeba sinia.

Tufike kwenye harusi. Kama katriji ya majaribio imerudi safi, nunua tatu, usizidishe: 50D moja kwa jioni ya nje, 200T moja kwa nyumbani mchana na barazani, 500T moja kwa ukumbini. Hizo ni dakika kumi za filamu, na kwa kumbukumbu ya familia zinatosha kabisa. Taa za LED za mapambo jihadhari nazo, nyingine zinapepesa na kamera inaona kupepesa ambako macho hayaoni. Zijaribu kwenye ile katriji ya kwanza. Usiichukue kazi ya kidijitali siku hiyo hiyo, mpe mwenzako unayemwamini, kwa sababu mtu hawezi kuhesabu sekunde sita za filamu huku anafukuzia mteja anayetaka picha na kila meza. Na filamu isiwe ndiyo rekodi pekee ya ndoa. Kamera ya miaka hamsini ikigoma wakati bwana harusi anaingia, itakuwa imegoma.

Kubwa kuliko yote, waulize wenyewe mapema. Filamu hii itasafishwa na kutazamwa fremu kwa fremu na mafundi wa nchi nyingine, wanaume kwa wanawake, kabla mdogo wako hajaiona. Kwa hiyo shughuli za ndani, singo, hina na chumba cha kina mama walipovua mabuibui, usizipige mpaka yeye na mama wakubali wakijua hilo. Wakikataa, piga mikono tu yenye hina, piga vyetezo, piga viatu vya watoto ukumbini. Wakikubali, 500T ndiyo ya humo ndani, swichi kwenye taa, na usimame upande wa dirisha.